Tukuyu na ule mstari wa Songwe: hotuba yangu ya Jumamosi, nzima kama ilivyo

Wengi mmeniomba niiweke hapa hii hotuba niliyotoa Jumamosi pale ukumbini Tukuyu, maana kuna waliokwama Uyole kwa ajili ya mvua na wengine mko mbali kabisa. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu yake, nimekaa siku mbili nasikiliza na kuandika. Zile picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha. Pale watu walipocheka pia sijaandika, mtajua wenyewe pa kucheka.

Mughonile!

Ah ah, hiyo sauti ni ya watu wa Dar. Nataka sauti ya watu waliolelewa kwa mbalaga, zile ndizi zetu. Mughonile! Haya, hapo sawa. Ndaga fijo, asanteni sana.

Wazee wangu, mama zangu, vijana mliokuja likizo, na nyie watoto mliokaa chini hapo mbele kwa sababu viti vimeisha, asanteni kwa kuja. Najua nje inanyesha. Lakini Tukuyu bila mvua ni Tukuyu gani? Hapa kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, mtu wa Dodoma akiisikia hiyo namba anadhani tunaishi ndani ya ziwa. Tungekuwa tunaahirisha mambo kwa ajili ya mvua basi humu ndani kusingekuwa na mtu aliyefunga ndoa.

Nina swali moja, na msinijibu haraka. Huu mji aliuweka nani hapa, na kwa nini hapa? Kwa nini sio Kiwira, kwa nini sio Masoko, kwa nini sio kule chini Kyela kwenye mchele na joto lake? Nilipokuwa nafundisha niliwahi kuwauliza watoto wa kidato cha pili swali hilohilo, mmoja akanyosha mkono akasema mwalimu, mji uko hapa kwa sababu stendi iko hapa. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka, halafu usiku nikakaa nawaza kwamba mbona na mimi mwenyewe sina jibu linalomzidi huyu mtoto. Miaka yote ile nawakaririsha mkutano wa Berlin, 1884, 1885, nchi gani ilichukua nini, na dirishani kwangu naliona boma la Mjerumani kabisa, lile ambalo mpaka leo ofisi za wilaya zimo humo, na sijawahi kuwatoa watoto nje nikawaambia twendeni mkalishike lile jiwe, mkutano wenyewe ulitufikia kupitia hapa.

Basi jibu langu, nimechelewa miaka thelathini lakini nalileta. Huu mji uliwekwa hapa kwa ajili ya mpaka, ule wa mto Songwe kati yetu na Malawi. Na watu wa huu mji, tangu siku ya kwanza, wameishi kama vile huo mpaka haupo. Leo nataka tuzunguke hayo mawili tu.

Tuanze kabla ya mpaka. Hii ardhi tunayoikanyaga ilitoka chini kwa moto. Mlima Rungwe mita 2,960 ni volkano, Ngozi lile ziwa ni shimo la volkano lililojaa maji, Masoko hivyohivyo, Daraja la Mungu kule Kiwira ni mawe ya volkano ambayo mto ulipita chini yake. Na Kiejo, sikilizeni hii, Kiejo ililipuka mara ya mwisho kama mwaka 1800. Yaani sio mambo ya dinosaria, ni babu wa babu zenu walisimama wakaona mlima unatema moto. Majivu hayo ndo yametupa huu udongo ambao ukiegesha fimbo ukaenda Mbeya ukirudi unakuta imechipua. Ndizi, maharage, maziwa. Watu hawakuwa na shida ya kuhamahama, wakajazana.

Na hao watu walikuwa nani? Wanyakyusa huku, Wangonde kule kusini ng'ambo ya Songwe. Lakini mkiwasikiliza wakiongea mtatenganisha? Lugha moja, tofauti yake ni kama ya mtu wa Kyela na mtu wa Mwakaleli. Majina ni yaleyale ya Mwa, Mwa, Mwa. Ukienda Karonga leo ukasoma majina kwenye daftari la shule utadhani umekosea gari umerudi Ipinda. Songwe ulikuwa mto wa kuvuka ukienda kuoa au kufuata ng'ombe wa mahari, basi.

Kuna kitu kimoja cha wazee wetu lazima nikae nacho kidogo, maana vijana wengi hapa hamkijui na watu wa mbali walikuja kukisoma. Miaka ya 1930 kuna mke na mume, watafiti, Godfrey na Monica Wilson, walikaa huku Unyakyusa miaka kadhaa wanaandika kila wanachoona. Kilichowashangaza ni vijiji vya rika. Mnajua vilikuwaje? Mtoto wa kiume akifika kama miaka kumi haruhusiwi tena kulala nyumbani kwa baba na mama. Anaondoka na wenzake, wanajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao, vibanda vya kitoto kwanza vya matete vinavyovuja, wanachunga ng'ombe pamoja, na saa ya kula wanazunguka kundi zima, leo kwa mama yako kesho kwa mama yangu. Mama anapikia kundi! Wakikua wanajenga nyumba za kweli palepale, wanaoa palepale, wanazeeka palepale. Kijiji ni cha watu wa rika moja sio cha ukoo mmoja. Na ikifika zamu, kunakuwa na ubusoka, wazee wanakabidhi nchi kwa kizazi kipya na malafyale wapya, yaani machifu, wanatoka.

Na neno lao kubwa lilikuwa ukwangala. Nani ananiambia ukwangala ni nini? ... Mama amesema kukaa na wenzako mnaongea. Ndiyo, kukaa, kuongea, kula pamoja, kupitisha pombe, kufurahi kwamba mko wengi. Wazee waliamini mtu anayekula peke yake huyo ana lake jambo. Mnaona sasa kwa nini mkija likizo mkijifungia ndani na simu bibi zenu wanakosa amani?

Sisemi kwamba ilikuwa peponi. Machifu walipigana wenyewe kwa wenyewe, Merere wa Usangu alitusumbua kutoka kaskazini, na mambo ya uchawi yalifukuza watu wengi tu kutoka vijijini mwao. Na kutoka kusini ikaja balaa kubwa zaidi. Pale Karonga alikaa Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa na pembe, na mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, wakauawa wengi sana, wengine wakachukuliwa. Waliobaki walikimbilia wapi? Walikimbilia huku. Walivuka Songwe wakaja kwa ndugu zao. Mlozi alikuja kunyongwa na Waingereza mwishoni mwa 1895, lakini waliokimbia wengine walikuwa wameshapewa migomba na mashamba, wameshakuwa watu wa huku. Kwa hiyo mtu akikuambia leo yeye ni Mnyakyusa wa asili kabisa, halisi, muulize tu kwa upole bibi mzaa bibi alitokea wapi.

Sasa tuje kwenye mstari.

Tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza na Mjerumani walisaini mkataba. Ni ule mkataba maarufu ambao Mjerumani alipewa kisiwa cha Heligoland na Mwingereza akabaki na Zanzibar. Ndani ya mkataba huohuo kuna sentensi inayotuhusu sisi. Inasema mpaka unafuata ufukwe wa Ziwa Nyasa mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe, halafu unapanda na mto. Sentensi moja. Waliokuwa wanaandika walikuwa hawajawahi kuuona huo mto, hawajui kama kiangazi unavukwa kwa miguu, hawajui kama upande huu kuna dada na upande ule kuna kaka. Na hapa, jamani, 1890 hakuna Mjerumani hata mmoja anayeishi Unyakyusa. Mpaka ulifika kabla ya mwenye mpaka!

Wao walifika mwaka uliofuata, 1891, na walianza watu wa dini. Wamoravian wakaweka misheni yao Rungwe, na wale wa misheni ya Berlin wakiongozwa na Merensky nao wakaja mwaka huohuo. Na walipitia wapi? Mtu atasema Dar es Salaam. Hapana. Walipitia Msumbiji, wakapanda mto Zambezi, Shire, Ziwa Nyasa, wakashuka kusini kwetu huko wakaja juu. Mlango wetu ulikuwa kusini, Dar ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Baadaye wakaanzisha Rutenganio, na hilo jina mnalijua, lutengano, amani. Walijenga kwa jina la amani, na bunduki nazo zikaja.

Maana 1893 akaja Mjerumani mmoja, Wissmann, na meli. Ile meli ililetwa vipande vipande kwa njia hiyohiyo ya Zambezi, ikaungwa, ikapewa jina lake mwenyewe, Hermann von Wissmann. Wakaweka kituo cha serikali kando ya ziwa, Lumbila, wakakiita Langenburg, jina la ukoo wa mkubwa mmoja wa Ujerumani aliyekuwa rais wa chama chao cha ukoloni. Lakini ziwani kuna nini? Kuna joto na kuna mbu. Mzungu wa wakati ule na malaria mnajua wenyewe. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakapanda mlimani, mita 1,500 na zaidi, penye baridi, penye chakula, na ukiwa juu hapa siku ya anga safi unaiona nchi yote inavyoshuka kwenda ziwani na Songwe. Wakajenga boma la mawe. Wakaita Neu Langenburg, Langenburg mpya.

Kwa hiyo yule mtoto wangu wa kidato cha pili jibu lake ni hili: mji uko hapa kwa sababu hapa palikuwa karibu na Mwingereza kiasi cha kumchungulia, na mbali na mbu kiasi cha kutokufa.

Nina kitu mfukoni. Watoto sogeeni, lakini kirudi. Mnakiona? Ni sarafu, heller 10, ina tundu katikati, imeandikwa Deutsch Ostafrika, hapa juu kuna taji limefutikafutika. Hii ilikuwa shingoni kwangu. Mimi nilikuwa mtoto wa kuugua ugua, bibi akaipitishia uzi mweusi akanifunga, sijui alitegemea nini kutoka kwa Kaiser lakini nimefika hapa. Heller. Heller. Sasa sema haraka haraka. Hela! Kila siku unamwambia mtu nitumie hela, nimeishiwa hela, hilo ni neno la Mjerumani lililobaki mfukoni mwetu baada ya yeye kuondoka. Na kule Masoko, kwenye ziwa, si mnajua hadithi, kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa masanduku ya sarafu na silaha majini. Mimi sijaona sanduku. Ila sarafu za hivi zinaokotwa pale ufukweni, na vijana wa pale wanawauzia watalii, na nyingine, tusemezane ukweli, zimekaangwa kidogo jikoni ili zionekane za kale.

Haya, vita. Vita kuu ya kwanza wengi tunaisoma kama habari za Ulaya, Verdun, Somme. Lakini pambano la kwanza kabisa la meli za kivita katika vita ile linatajwa kwamba lilikuwa kwenye ziwa letu. Agosti 1914. Mwingereza ana meli inaitwa Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Mjerumani ana ile Wissmann, nahodha wake Berndt. Na hawa wawili walikuwa marafiki, wakikutana ziwani wanakunywa pamoja. Siku hiyo Wissmann iko nchi kavu Liuli inafanyiwa matengenezo, Gwendolen inatokea, inapiga mzinga. Inasimuliwa Berndt alikuja na kimtumbwi amekasirika anapiga kelele, wewe Rhoades umelewa? Habari ya vita ilikuwa haijamfikia! Akachukuliwa mateka na mtu aliyekuwa anakunywa naye. Wazungu wenyewe walikuwa na ukwangala wao na mstari ukawakata.

Huku mlimani hawakukaa kimya. Septemba 9, 1914 jeshi lililotoka Neu Langenburg lilivuka kwenda kupigana Karonga, wakarudishwa. Na nani alikuwa mbele? Askari, weusi. Nani amebeba mizigo? Watu wetu huku, na kule Nyasaland, Malawi ya leo, wale walioitwa tengatenga. Halafu mwishoni mwa Mei 1916 Waingereza chini ya Jenerali Northey wakavuka wao kuja huku, na boma likachukuliwa. Mji ukabadilishwa jina ukawa Tukuyu.

Kuna jambo hapo watu wa kanisa mnalijua vizuri kuliko mimi. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa wakaondolewa, shule na makanisa yakabaki na wenyeji. Miaka ile nani alivuka kuja kusaidia? Ni misheni ya Livingstonia, ya Waskoti, kutoka Nyasaland, mpaka Wamoravian waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Yaani serikali zilikuwa zimetoka kupigana kwa bunduki kwenye Songwe, na misaada ya kanisa ikaja kwa kuvuka Songwe ileile. Tena waalimu wengine waliokuja walikuwa Waafrika wa kule wanaoelewana na watu wetu bila mkalimani.

Chai nitapita haraka, maana mnainywa. Mjerumani aliijaribu Rungwe mwaka 1904, miaka miwili baada ya Amani kule Usambara, ikaja kuwa biashara kubwa wakati wa Mwingereza. Kahawa nayo, na ushirika wake na kelele zake. Nikianza siasa za ushirika tutalala hapa.

Ninachotaka kukaa nacho ni wanaume kuondoka. Dhahabu ilipatikana Lupa, Chunya, mwaka 1922, na miaka ya 1930 wanaume wa Tukuyu walikuwa wanapanda kwenda kule kwa miguu. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa Lupa. Baadaye migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na wengine Afrika Kusini kabisa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Aliondoka mke wake akiwa na mimba, amerudi mtoto anachunga ng'ombe. Amekuja na nini? Sanduku la bati lenye rangi ya kijani, kofuli, na ufunguo amejifunga kiunoni hata akioga hautoki. Mama yangu alisema walikaa wiki nzima wanalizunguka lile sanduku. Siku amelifungua, kuna blanketi mbili, koti zito, sufuria, kitambaa cha bibi, na viatu vya mtoto, viatu alivyonunua akikadiria mguu wa mtoto ambaye hajawahi kumuona. Vilikuwa vidogo. Mama yangu alivivaa hivyohivyo kwa kukunja vidole mpaka vikapasuka.

Mnacheka, na mimi nacheka, lakini fikirieni. Miaka hiyo yote nani alibaki analima? Nani alikata miti, alipanda migomba, alizika wazee? Tukisema historia ya Tukuyu tunataja magavana na machifu. Wale wanawake waliokuwa wanapanda na kushuka hivi vilima na mtoto mgongoni na mkungu kichwani hawana hata kichochoro chenye jina lao humu mjini. Lakini ndizi mnazokula migomba yake ni wao.

Na hao wanaume walirudi na vitu vingine ambavyo havikai kwenye sanduku. Walirudi wanaongea Kichewa na Kibemba, wamesikia siasa, wameona watu wamegoma mgodini. Wengine walikuwa na mke kule na mke huku, haya wazee msiniangalie hivyo, nimesema wengine.

Uhuru ukaja, sisi 1961, wenzetu Malawi Julai 1964. Machifu kwetu wakafutwa kisheria 1963. Ukitazama ng'ambo, Kyungu wa Wangonde yupo mpaka leo, anaheshimiwa, ana kiti. Watu wa asili moja, mto mmoja katikati, wale wana mfalme sisi tuna mkuu wa wilaya. Sisemi kipi bora, nasema mstari ule wa 1890 ndo ulifanya hiyo kazi.

Na uhuru haukuufuta. Nyerere na Banda hawakupatana, vijana hamkumbuki. Tanzania ikasema mpaka upite katikati ya ziwa, Malawi ikasema hapana, mkataba wa 1890 unasema ufukweni, kwa hiyo maji yote ni yetu. Yaani mtu wa Matema akilowesha miguu ameshatoka nchini! Halafu 1968 Banda akaenda mbele zaidi, akadai mpaka wa asili wa Malawi uko maili 100 kaskazini ya Songwe. Maili 100! Chukueni ramani mpime. Hapa tulipokaa tungekuwa tunatumia kwacha. Wazee wanasema watu walisikia hayo kwenye redio, wakatikisa kichwa, kesho yake wakaenda mnadani ng'ambo kama kawaida. Mwaka 2012 ugomvi ukafufuka kwa habari za kutafuta mafuta ziwani, wakaitwa marais wastaafu kusuluhisha, akiwemo Chissano wa Msumbiji, na mpaka leo hawajamaliza.

Lakini mnajua nani anawacheka wote? Mto wenyewe. Songwe kule chini Kyela unapita kwenye tambarare, udongo laini, na kila masika makubwa unajikunja unahamia pengine. Na mpaka si ni mto? Nilikwenda kwa shemeji yangu kule, akanipeleka shambani kwake, mpunga mzuri umefika magotini. Tumefika mwisho wa shamba akasimama, akanyosha mkono kuvuka maji, akasema shemeji unauona ule mwembe? Ule mwembe ni wa baba. Nikamuuliza mbona uko ng'ambo. Akasema mwembe haujatembea, mto ndo umetembea. Mwembe wa baba yake umekuwa wa Malawi bila pasipoti. Na mwenye shamba la ng'ambo ni mtu wanayefahamiana, ni ndugu wa mbali, wakati wa maembe anavuka anachuma, anamwachia yule ndoo mbili. Serikali mbili zina tume ya pamoja ya bonde la Songwe, wana mipango ya kuudhibiti mto usihame hame, na mimi nawaombea wafanikiwe, maana mafuriko yanaumiza watu. Lakini habari ya mwembe ilikwishamalizika kwa ndoo mbili.

Niseme kidogo habari ya kima, ili watoto wasilale. Huko juu Mlima Rungwe mwaka 2003 wanasayansi walimuona kima ambaye hayupo kwenye vitabu vyao, 2005 wakatangaza dunia nzima, kima mpya! Mpya kwa nani? Walimtafuta kwa sababu wawindaji wetu walikuwa wanamuongelea, na jina lake, kipunji, ni la wenyeji. Angalau hilo jina walilibakisha, wamempa na jina la Kilatini lenye Rungwe ndani yake. Ingekuwa zamani za Wissmann angeitwa Langenburg huyo.

Na siwezi kushuka hapa bila kusema 1986. Naona watu wameshaanza kutabasamu. Banyambala! Tukuyu Stars, timu ya mji ambao ukipiga mpira kwa nguvu unaenda kuuokota bondeni kwa jirani, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara. Simba wapo, Yanga wapo, kombe limepanda milima kwa barabara ya Uyole, limepita Isyonje kwenye ukungu, limepita Kiwira, limekuja hapa. Nilikuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna aliyekwenda nyumbani. Na nakumbuka kabisa kwenye ule umati kulikuwa na watu wamevuka kutoka Karonga, wamekodi lori, wanaimba kuliko sisi. Nikamuuliza mmoja wewe Mmalawi unashangilia nini? Akanitazama kama nimemtukana. Akasema timu ni yetu, au unataka kuniambia mama yangu nimuache wapi, mama yangu ametoka Masoko. Haikukaa juu sana ile timu, baada ya hapo tumebaki na hadithi, lakini lile kombe lilikuja jamani, lilikuja.

Nina ombi la mwisho halafu tunywe chai, naisikia harufu yake. Kila mwenye picha ya zamani, barua ya kutoka mgodini, sarafu, kitabu cha kodi, daftari la ubatizo, asitupe. Njoo nalo, tulipige picha kwa simu, ulirudishe nyumbani kwako, sitaki kubaki na mali ya mtu. Na wale mliokuja na bibi zenu, leo usiku ulizeni swali moja tu, bibi mzaa bibi alitokea upande gani wa Songwe, muandike na jina.

Haya, maswali. Naona mzee pale nyuma amenyosha mkono tangu nilipotaja 1986 na hajaushusha. Mzee karibu, najua nimeshakosea mahali. Mpeni maiki.